Nimelipa Sh18,000 kufunzwa Kihispania, nikatozwa faini kwa kutumia Kiswahili

Ndugu wanajukwaa,

Mtaniwia radhi kwa urefu wa uzi huu, kwa maana ninaandika nikiwa na hasira ambayo nimeivumilia majuma 12. Mimi ni dereva wa watalii hapa Nakuru. Wageni ninaowapeleka kwenye Mbuga ya Ziwa Nakuru hutoka pia Hispania na Mexico, na nimechoka kubaki nikitabasamu tu mtu anaponiuliza jambo kuhusu kifaru aliyesimama mbele yetu. Kwa hiyo mwezi wa Januari nilijiunga na chuo kimoja cha lugha, kilicho ghorofani karibu na Barabara ya Kenyatta, nikalipa karo yote kwa mkupuo ili nifunzwe Kihispania cha mwanzo kila Jumamosi asubuhi. Chuo chenyewe sitakitaja.

Silalamikii ugumu wa lugha. Ninalalamikia kwamba kila kipengele cha sarufi kilizungushwa kwanza kwenye Kiingereza ndipo kikatufikia, hata pale ambapo Kiswahili kilikuwa kimekaa jirani kabisa na Kihispania.

Juma la tatu mwalimu alitumia zaidi ya saa nzima kutueleza kwamba Wahispania wana mambo ya ajabu, eti badala ya kutumia kitenzi cha "kuwa" kama Waingereza, wao husema wanayo njaa, "tengo hambre", na hata umri wanao, "tengo treinta y un años". Tukaambiwa tukariri orodha hiyo kama mambo yasiyofuata kanuni. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu, mwuzaji wa mitumba, akashindwa kujizuia: "Mwalimu, si ni 'nina njaa' tu? Nina kiu, nina usingizi, nina miaka thelathini na mmoja?" Ndivyo hasa: "tengo sed", "tengo sueño", neno kwa neno. Darasa likacheka kwa furaha ya kuelewa. Mwalimu hakucheka. Alimwonyesha kwa kalamu mkebe wa maziwa ya unga uliokuwa mezani, ambamo kila atumiaye Kiswahili hutia shilingi 20, naye mama wa watu akafungua kibeti akatia. Nilikumbuka kibao tulichovishwa shingoni katika shule ya msingi kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Kama kanuni ingekuwa Kihispania pekee, ningeiheshimu. Lakini mwalimu mwenyewe alizungumza Kiingereza tangu kuingia hadi kutoka, na mkebe haukumhusu.

Vitenzi navyo vilituchukua majuma mawili ambayo yangeweza kuwa saa mbili. "Hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan": nafsi sita, kama vile ninasema, unasema, anasema, tunasema, mnasema, wanasema. Tofauti ni kwamba sisi tunaonyesha nafsi mwanzoni mwa kitenzi, wao mwishoni. Kwa kuwa nafsi tayari imo ndani ya kitenzi, Mhispania hana haja ya kutanguliza "yo" kila mara, kama vile nasi hatusemi "mimi ninasema" ila tunapotaka kusisitiza. Mwalimu alitulazimisha kuandika "yo" katika kila sentensi, kwa hoja kwamba sentensi haikamiliki bila kiwakilishi. Haikamiliki kwa Kiingereza.

Matamshi sitayasemea sana. Irabu ni zetu zile zile tano, "ñ" ni "ny" ya nyumba, na maneno mengi yanayoishia kwa irabu hutiwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama yetu; yanayokiuka hilo huwekewa alama, kwa mfano "café" na "teléfono". Hatukuambiwa lolote kati ya hayo. Makaratasi tuliyouziwa kwa Sh300 yalikuwa na alfabeti ya herufi 29, "ch" na "ll" zikiwa herufi kamili, ilhali vyuo rasmi vya lugha hiyo vilikubaliana kuziondoa mwaka 2010 zikabaki herufi 27.

Lililonivunja kabisa ni mtihani wa mwisho. Tulikuwa tumefunzwa kwamba nomino yoyote inayoishia kwa "-a" ni ya kike. Nyingi ni hivyo, kweli: "la casa blanca", wingi "las casas blancas", kivumishi kikifuata nomino na kupatana nayo, jambo ambalo halimshangazi mtu aliyesoma ngeli. Lakini mimi niliandika "el problema", "el mapa" na "el día", kwa "el" ya kiume badala ya "la" ya kike, nikakatwa alama zote tatu kwa wino mwekundu. Nilimwendea mwalimu nikamwuliza kwa heshima: kila Jumamosi ukiingia unatusalimu "buenos días", kama "día" ni ya kike, mbona husemi "buenas"? Alinitazama kidogo, kisha akasema salamu hazifuati sarufi.

Swali la nne lilikuwa baya zaidi. Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa, "ser" na "estar", na kanuni tuliyopewa ilikuwa kwamba "ser" ni kwa mambo ya kudumu na "estar" ni kwa ya kupita. Kwa kanuni hiyo jibu sahihi likawa "Nakuru es en Kenia", kwa sababu Nakuru haihami! Mimi niliandika "Nakuru está en Kenia", kwa kuwa nilifikiri kwa Kiswahili: Nakuru iko Kenya. Mimi ni dereva, "soy", ambayo ni "ser". Niko nyumbani, niko sawa, "estoy en casa", "estoy bien", ambayo ni "estar". Mahali pa kitu hutaka "estar" hata kama kitu hicho ni mlima, isipokuwa tukio kama sherehe, ambalo hurudi kwa "ser". Na kama "estar" ni ya mambo ya kupita, basi marehemu, ambaye husemwa "está muerto", anatarajiwa kurudi lini?

Sidai kwamba Kiswahili kinatosha kwa kila kitu. Hakitakuambia kwa nini meza, neno tulilolipokea kutoka kwa Wareno na ambalo kwa Kihispania ni "mesa", ni la kike, wala hakitakusaidia kutenganisha "por" na "para", ambayo yote mawili sisi huweza kuyafasiri "kwa". Huko mtu hukariri tu. Ila huko ndiko karo yetu ilikopaswa kwenda.

Jumatatu nilipeleka karatasi yangu ofisini nikaomba isahihishwe upya au nirudishiwe nusu ya karo. Karani alinijibu kwamba karo ikishalipwa hairudishwi, akanikabidhi fomu ya hatua ya pili, Sh22,000. Fomu nimeiacha pale pale kwenye kaunta. Mwenye kumjua mwalimu hapa Nakuru, Njoro au hata Gilgil anayefundisha Kihispania kwa Kiswahili, aniandikie. Tayari tuko watu sita kutoka darasa lile, na yule mama wa mitumba ndiye wa kwanza kutoa ahadi ya kulipa.