Mwamba uliogeuzwa na joto, kwa nini haurudi ulivyokuwa baada ya kupoa?

Kokoto ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninajisomea habari za miamba, na nimekwama mahali ambapo vitabu vingi hupapita kwa haraka. Makundi makuu matatu nimeyaelewa: miamba moto, inayotokana na kupoa na kuganda kwa magma, miamba tabaka, inayotokana na mashapo yaliyorundikana na kushikamana, na miamba geu, ambayo ilikuwa ya aina nyingine kabla ya kubadilishwa na joto na shinikizo chini ya ardhi. Tatizo langu liko kwenye kundi hilo la tatu.

Kwanza, inaelezwa kwamba mwamba geu hubadilika ukiwa mgumu vilevile, bila kuyeyuka. Kitu kigumu kinawezaje kuota madini mapya ndani yake? Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, ikiwa joto na shinikizo ndivyo vilivyoubadilisha mwamba, basi unapoinuliwa hadi juu ya ardhi, ambako joto hilo na shinikizo hilo havipo tena, kwa nini haurudi ulivyokuwa? Marumaru na shisti (mwamba geu wa vibamba vinavyong'aa) tunaziona juani, zimetulia, wala hazionyeshi dalili ya kutaka kuwa mawe ya chokaa na matope tena. Nikifuata hoja hiyo hadi mwisho, naona kana kwamba mawe haya hayakupaswa kuwepo juu ya ardhi.

Msoma Tabaka amejibu:

Ndugu Kokoto, swali lako la pili ni zito, kwa sababu elimu nzima ya miamba geu imesimama juu ya jibu lake. Hata hivyo, tuanze na la kwanza, maana ndilo linalofungua la pili.

Chukua matope laini yaliyotua chini ya bahari. Yanapofunikwa na mashapo mengine, maji yaliyo baina ya chembe hukamuliwa, chembe hukaribiana, na madini yaliyomo katika maji yanayosalia, hasa kalsiti, silika au oksidi za chuma, huganda katika nafasi zilizobaki na kuzishikamanisha. Huo tayari ni mwamba tabaka. Ukiendelea kuzama, joto huongezeka kwa takriban nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi kwa kila kilometa katika sehemu nyingi za mabara, na uzito wa miamba iliyo juu huongezeka pamoja nalo. Baada ya nyuzi 200 hivi, madini yaliyotulia vizuri kule juu huanza kuwa mageni katika mazingira yao mapya.

Atomi zilizo ndani ya kitu kigumu hazikufungwa pingu. Zinatetema wakati wote, na kadiri joto linavyopanda ndivyo nyingi zaidi zinavyopata nguvu ya kuhama kutoka nafasi moja hadi nyingine. Juu ya hayo, kwenye mipaka ya chembe huwa kuna maji kidogo sana, pengine utando tu, yanayoyeyusha madini upande mmoja na kuyagandisha upande mwingine. Mwendo huo ni mdogo mno, lakini hupewa mamilioni ya miaka. Kwa njia hiyo madini ya udongo wa mfinyanzi huvunjika na mahali pake huota kloriti, madini ya kijani, na vipande vidogo vya ulanga, madini ya vibamba, na mwamba wa matope ukawa sleti. Joto likizidi, ulanga hukua hadi ukaonekana kwa macho uking'aa, na hapo tuna shisti, mara nyingi ikiwa na fuwele nyekundu za ganeti ndani yake. Likizidi zaidi, madini meupe na meusi hujitenga katika mistari, na mwamba huitwa naisi. Katika safari yote hiyo haukuyeyuka.

Sasa swali la pili. Tazama kinachotokea kwa maji yaliyofungwa ndani ya umbile la madini yenyewe. Kaolini, ambayo ni mojawapo ya madini ya udongo wa mfinyanzi, hubeba maji takriban asilimia 14 ya uzito wake. Ulanga mweupe hubeba asilimia 4 hadi 5 tu. Ganeti ya kawaida haibebi kabisa. Maana yake ni kwamba karibu kila hatua ya kugeuka kwa mwamba wa matope hufukuza maji, na maji hayo, kwa kuwa ni mepesi kuliko mwamba, hupanda kupitia nyufa na kuondoka moja kwa moja. Mwamba unapoanza kuinuka ni mkavu. Ili urudi ulivyokuwa ungehitaji maji yale yale, nayo yalikwisha kwenda zake. Chungu kilichochomwa tanurini kinatufunza jambo hilo hilo: hakikuyeyuka, ila kilipoteza maji yaliyokuwa ndani ya udongo wake, na ukikijaza maji mwaka mzima hakirudi kuwa udongo.

Sababu ya pili ni joto lenyewe. Wakati wa kuzama, kila hatua ilikuwa na joto zaidi kuliko iliyotangulia, kwa hiyo mabadiliko yalizidi kwenda kasi. Wakati wa kupanda mambo huwa kinyume: mwamba unapoa, atomi zinapoteza uwezo wa kuhama, na mabadiliko ambayo yangepaswa kutokea hukwama njiani. Almasi ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Nyingi ziliundwa katika kina cha kilometa 150 hivi au zaidi, na hapa juu umbo la kaboni linalostahili ni kinywe (kaboni laini nyeusi ya kwenye penseli), lakini almasi haibadiliki kwa sababu atomi zake hazina joto la kutosha kuachana na kupangika upya.

Marumaru iko peke yake kidogo. Jiwe safi la chokaa ni kalsiti, na marumaru safi ni kalsiti vilevile. Kilichobadilika ni ukubwa na mpangilio wa fuwele, kwa kuwa nyingi ndogo zimeungana kuwa chache kubwa zilizobanana, na mabaki ya makombe na konokono yakafutika. Chembe kubwa zimetulia zaidi kuliko ndogo, kwa hiyo hakuna linaloisukuma marumaru kurudi nyuma. Mskoti James Hall alilionyesha hili kwa majaribio mwanzoni mwa karne ya 19. Alitia chokaa iliyosagwa ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba ili hewa ya kaboni dioksidi isitoroke, kisha akaichoma kwa moto mkali. Kwenye tanuri la wazi chokaa ile ingepoteza hewa hiyo na kubaki chokaa hai. Ndani ya mtutu uliozibwa ilishikamana ikawa jiwe lenye fuwele linalofanana na marumaru.

Darubini amejibu:

Ninakubaliana na Msoma Tabaka, isipokuwa ningependa kuongeza jambo ambalo si dogo: miamba mingine hujaribu kurudi, na alama za jaribio hilo huonekana. Ukikata shisti yenye ganeti, ukaisugua hadi iwe nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kisha ukaitazama kwa darubini, utakuta mara nyingi ganeti imepasuka, na kando ya kila ufa pana utepe wa kijani. Utepe huo ni kloriti, madini yenye maji. Baada ya mwamba kuanza kupoa, maji yalipata njia ya kuingia kupitia ufa, yakaigeuza ganeti pale tu yalipoigusa. Umbali wa nusu milimita kutoka hapo, ganeti imebaki nzima. Picha moja ndogo kama hiyo inathibitisha kwamba mwamba haukukosa sababu ya kurudi, bali ulikosa maji.

Ushahidi mwingine unatoka Dora Maira, katika sehemu ya magharibi ya milima ya Alps. Mwaka 1984 mwanajiolojia Christian Chopin alieleza kwamba ndani ya ganeti za huko mna koesiti, ambayo ni silika kama kwatsi (madini ya kawaida ya mchanga), ila imefumwa kwa kubana zaidi na huhitaji shinikizo la kina cha kilometa 90 hivi au zaidi. Mwamba huo ulikuwa sehemu ya ganda la bara, ulizamishwa hadi kina hicho, kisha ukarudi juu. Nje ya ganeti, koesiti yote ilikwisha kuwa kwatsi. Ndani ya ganeti ilizuiwa, kwa sababu kwatsi huhitaji nafasi kubwa zaidi, na ganeti ni ngumu, haikukubali kutanuka. Pale ilipofaulu kubadilika kwa sehemu, mtanuko wake uliipasua ganeti, na nyufa zikatawanyika kuelekea pande zote kutoka kwenye kitovu hicho. Kabla ya ugunduzi kama huo, wengi hawakutegemea kwamba mwamba mwepesi wa bara ungeweza kuzama kiasi hicho na kurejea.

Kokoto ameandika:

Nawashukuru sana. Suala la maji kuondoka sikuwahi kulikuta likielezwa hivyo, na sasa naona kwa nini njia ya kushuka na njia ya kupanda hazilingani. Naomba kuongeza mawili. Mpaka kati ya kugeuka na kuyeyuka uko wapi? Tena, mtu asiye na darubini atatofautishaje mistari ya naisi na tabaka za mwamba tabaka, au jiwe la mchanga na lile lililogeuka kuwa kwatsaiti?

Jabali amejibu:

Hilo la mpaka nitalijibu mimi. Hakuna nyuzi joto moja inayofaa kwa miamba yote. Mwamba wenye kwatsi, feldispa (madini makuu mengine ya graniti) na maji ya kutosha, ukiwa katika kina, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 650 hadi 700 hivi. Mwamba huo huo ukiwa mkavu unaweza kuhitaji nyuzi mia kadhaa zaidi. Basalti, mwamba moto mweusi, huhitaji nyuzi 1000 hadi 1200. Tena mwamba hauyeyuki wote kwa mara moja: madini yanayoyeyuka kwa urahisi hutangulia, na ndiyo sababu magma inayotoka haifanani na mwamba ulioizaa. Kuna mahali panapoonekana mwamba ulioishia katikati ya tendo hilo, nusu naisi iliyopindapinda, nusu mishipa ya graniti nyeupe. Huo huitwa migmataiti, nao ndio mpaka wenyewe ukiwa mkononi mwako.

Niondoe pia dhana ambayo nimekutana nayo mara nyingi, kwamba chini ya ganda la dunia kuna bahari ya magma inayosubiri kutoka. Hakuna. Aina ya mawimbi ya tetemeko ambayo haiwezi kupita katika kimiminika hupita bila shida katika tabaka nene lililo chini ya ganda, kwa hiyo tabaka hilo ni gumu, ingawa husogea polepole mno. Magma hutokea mahali maalumu tu: pale mwamba wenye joto unapopanda na shinikizo likapungua kabla haujapoa, kama inavyotokea chini ya migongo ya bahari (safu za milima iliyo sakafuni mwa bahari), pale maji yanapoingia, kama juu ya bamba la ganda la dunia linalozama chini ya jingine, au pale joto jipya linapoletwa na magma nyingine.

Na kuhusu ule mchoro wa duara unaoonyesha mwamba moto ukiwa tabaka, kisha geu, kisha magma: mimi huusoma kama ramani ya njia nyingi, wala si ratiba. Jiwe la mchanga linaweza kumomonyoka likawa mchanga tena, likawa jiwe tena, bila kugeuka wala kuyeyuka. Huko Jack Hills, Australia Magharibi, chembe za zirikoni, madini sugu sana, zenye umri wa hadi miaka bilioni 4.4 hivi zimo ndani ya mwamba ambao mashapo yake yalirundikana takriban miaka bilioni 3 iliyopita. Mwamba uliozizaa chembe hizo haujapatikana popote; zenyewe zimepita mmomonyoko, mito na kugeuka, zikabaki na umri wake.

Darubini amejibu:

Nami nimalizie la utambuzi. Tabaka za mwamba tabaka zilitokana na kutua kwa mashapo, kwa hiyo tofauti kati yake huwa ni ya chembe: hapa nene, pale laini, pengine kuna kombe au alama ya mawimbi ya maji ya kina kifupi. Mistari ya mwamba geu mara nyingi hutokana na kubanwa. Ulanga, ambao umbo lake ni la vibamba, hujipanga kwa kulala kimsalaba na upande unaotoka nguvu, na mpangilio huo unaweza kuzikata tabaka za zamani kwa pembe yoyote. Ukiona sleti inapasuka katika mwelekeo mmoja huku rangi za tabaka za awali zikipita katika mwelekeo mwingine, umeona matendo mawili yaliyotengwa na muda mrefu.

Kuhusu mchanga na kwatsaiti, vunja jiwe na utazame kwa lenzi ya mkono mahali palipovunjika. Katika jiwe la mchanga mvunjiko huzizunguka chembe, kwa sababu gundi iliyo baina yake ni dhaifu kuliko chembe zenyewe; uso wake hukwaruza kidole na huacha vumbi la mchanga. Katika kwatsaiti chembe zimeungana kabisa, kwa hiyo mvunjiko hupita katikati yake, na uso wake huwa laini wenye mng'ao kama wa sukari guru iliyokatwa. Uwe mwangalifu tu na jiwe la mchanga lililoshikamanishwa kwa silika nyingi, kwani nalo huweza kuvunjika hivyo bila kuwa limewahi kugeuka. Hapo jicho halitoshi, na itabidi uangalie miamba inayolizunguka: matope ya jirani yakiwa bado ni matope yaliyoshikamana, bila ulanga wala kloriti, basi na mchanga huo haukupata joto la kuugeuza.