Hela ya mwanamke ndo inaleta kipigo ndani ya ndoa?

binti_mwaloni
Wadau habari za jioni, naombeni mawazo yenu. Mdogo wangu anauza dagaa hapa Mwanza, ameolewa na kijana mpole tu, miaka yote hawakuwa na kitu na hakuna aliyesikia kelele kwao. Akaingia kikoba, akakopa, biashara ikakubali, sasa yeye ndo analipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Tangu hapo ni kipigo. Akichelewa kurudi sokoni kipigo, mteja akipiga simu usiku kipigo, na jioni anatakiwa akabidhi mauzo yote. Wazee wakaitisha kikao, wakamwambia apunguze biashara atulie na mume, na mama yetu mzazi akaongezea kwamba hata yeye alipigwa na akavumilia. Hivi kweli mwanamke akipata hela ndo anachokoza? Mbona majirani wasio na hata mia nao wanapigwa?

Kaka_Bajaji
Pole dada. Simtetei, kumpiga mke hapana. Ila mwanaume asiyeleta kitu nyumbani anaumia sana, kijiweni anaambiwa ameolewa yeye. Huyo mdogo wako amshirikishe mumewe kwenye hela, heshima ikirudi na fujo zitaisha.

mwl_Tegemea
Kaka hapana. Hela yote anaikabidhi na bado anapigwa, ashirikishe nini tena? Wanaume wanaumia na kukasirika dunia nzima, ila kama ni hasira tu basi vipigo vingelingana kila mahali, na havilingani. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2005 uliwahoji wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenza: waliofanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza walikuwa 41% Dar na 56% Mbeya, kwenye mji waliouchagua Japani ni 15%. Hata Dar na Mbeya, nchi moja, hazifanani. Kinachotofautiana ni kile jamii inakiruhusu.

Na sisi tunaruhusu jamani. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mke akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, asipojali watoto au akimnyima unyumba. Wanaume waliokubali angalau sababu moja ni 40%, wanawake 58%! Kwa hiyo binti_mwaloni usimchukie mama, anasema alichofundwa na kungwi wake, na kwenye kitchen party za juzi tu nimesikia maneno yale yale, vumilia mwanangu, mwanaume ni mtoto mkubwa.

Sasa swali lako la hela. Watafiti Lori Heise na Andreas Kotsadam 2015 walilinganisha nchi 44, wakaona ukatili ni mkubwa pale jamii inapompa mume mamlaka juu ya nyendo za mke, na pale sheria na mazoea vinapombana mwanamke asimiliki ardhi na mali. Kazi ya kulipwa ilimwongezea mwanamke hatari kwenye nchi ambazo wanawake wachache ndo wanafanya kazi, na nchi zenye wanawake wengi makazini ukatili ulikuwa mdogo. Yaani huyo mdogo wako anaadhibiwa kwa kuwa wa kwanza kwenye ukoo wenu kushika hela. Wazee wakimrudisha nyuma, binti atakayemfuata naye atakuwa wa kwanza, ataadhibiwa vile vile.

wakili_kijijini
Niongezee upande wa sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema mwanandoa hana haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Wengi wanang'ang'ania ndoa ya kipigo wakidhani wakiondoka watatoka mikono mitupu. Si kweli, 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa, sembuse anayelipa kodi na ada. Aende dawati la jinsia na watoto polisi, achukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwe, na asiende peke yake.

nakato_kla
Niko Kampala. Huku mradi wa SASA! uliingia mitaani, watu wa mitaa hiyo hiyo wakawa wanajadili nani ana nguvu nyumbani na anaitumiaje, wanaume kwa wanawake, mpaka kwa polisi. Matokeo yakatoka 2014, ukatili wa kimwili wa wenza ndani ya mwaka mmoja ulikuwa chini kwa 52% kuliko mitaa isiyofikiwa. Na hapo hapo kwenu Mwanza kuna utafiti wa wanawake wa vikundi vya mikopo, matokeo 2018, waliopewa mafunzo ya jinsia juu ya mkopo walipigwa na waume kidogo kuliko wenzao waliopewa mkopo tu. Hakuna aliyeambiwa apunguze biashara.

Kaka_Bajaji
Hiyo ya mitaani naikubali, sisi wanaume tunasikilizana kijiweni kuliko kwenye kikao cha wazee. Bado nasema na huyo jamaa atafutiwe kazi.

binti_mwaloni
Asanteni sana. Kazi atafutiwe kaka, ila mkono aache leo, si mpaka apate kazi. Jumatatu naenda naye dawatini, usiku huu nimemchukua yeye na watoto wako kwangu. Wakili, kiwanja wamenunua kwa hela ya kikoba ila hati ya mauziano ina jina la mume peke yake, tuanzie wapi?

wakili_kijijini
Jina lake kukosekana kwenye hati hakumfutii haki. Kusanyeni daftari la kikoba, risiti, meseji za kutuma hela na majina ya walioshuhudia mauziano, mpige picha kila karatasi mtunze nje ya nyumba hiyo. Nicheki inbox.