MJADALA: The Day of the Jackal, ni kitabu cha moto kweli ama tunakisifu kwa mazoea?

Mwenye mada:
Haya jamani, hii kitu imeleta kelele barazani kwetu Mji wa Kale, kahawa inapoa watu wabishana tu, nikaona niilete hapa. Ni ile riwaya ya Frederick Forsyth ya 1971, ya muuaji wa kukodiwa anayetumwa kumuua Rais de Gaulle wa Ufaransa. Kopi yangu imepita mikono mingi na kila anayeiregesha ana neno lake, mmoja aniambia hajapata kusoma kitu kitamu hivyo, mwengine hakufika hata katikati, ati ni ripoti ya polisi iliyorefushwa.

Kwa wasioijua: kulikuwa na kundi la OAS, wanajeshi na walowezi wa Kifaransa waliomchukia de Gaulle kwa kuiachia Algeria uhuru 1962. Walimvizia kweli pale Petit-Clamart Agosti 1962, gari likamiminiwa risasi na mzee akatoka mzima, aliyepanga, Bastien-Thiry, akapigwa risasi na serikali Machi 1963. Mpaka hapo ni historia. Kuanzia hapo Forsyth anatunga, OAS waona watu wao wote washajulikana kwa polisi basi wamtafuta Mwingereza asiyejulikana na mtu, jina lake la siri Jackal, bei dola nusu milioni na nusu yake mkononi kabla ya kazi.

Sasa, kila mtu ajua de Gaulle hakuuawa, alikufa nyumbani kwake Novemba 1970. Wachapishaji kadhaa walikikataa kitabu kwa sababu hiyo hiyo, mzee alikuwa bado yuhai. Kwa hivyo utamu uko wapi? Mimi nasema uko, lakini nina lawama yangu nyingine kabisa nitaitoa baadaye, nyinyi kwanza.

Wa Kibokoni:
Utamu uko kwenye kazi yenyewe yakhe. Huyu bwana hakimbii hapigi kelele, aenda makaburini kutafuta jina la mtoto aliyekufa mchanga ambaye angekuwa rika lake, achukua cheti cha kuzaliwa cha yule mtoto, aombea pasi. Na ujanja huo ulikuwa wa kweli, Waingereza wenyewe waliliacha tundu hilo wazi miaka mingi baada ya kitabu kutoka. Halafu aenda Brussels kwa fundi wa bunduki amtengezee bunduki inayoingia ndani ya gongo la kilema, aenda msituni kuijaribu kwa kulipiga tunda la tikiti. Ni kama kumtazama fundi wa jahazi akipima ubao, hujali jahazi litaenda wapi wataka tu kuona mkono wake. Anayesema ni ripoti ya polisi hana subira.

Dada wa Likoni:
Subira ninayo, nimekisoma chote kwa hivyo msiniambie sikuelewa. Wanawake wenye maana mle ni wawili tu jamani. Mmoja atumwa na OAS akalale na kanali wa de Gaulle amchimbe siri, wa pili ni bibi wa kitajiri amlaza yule muuaji kwake halafu auliwa chumbani kwake mwenyewe na hadithi yaendelea kama kwamba hapakutokea kitu. Mwandishi alikuwa mtu wa habari, alikuwa na Reuters Paris wakati huo huo wa vurugu za OAS, najua ndio maana yaandikwa kavu hivyo. Kavu sawa. Lakini huyu muuaji atolewa mzuri sana, nguo nzuri, hoteli nzuri, gari la wazi, mpaka wajikuta wamuombea afaulu. Hilo hamlioni?

Wa Kibokoni:
Twaliona dada, ndio ufundi wenyewe huo!

Mwalimu wa Kisauni:
Mimi shida yangu ni vitabu hivi kwa jumla. Vijana wangu darasani kila mauti ya mkubwa ni njama, kila ajali ya barabarani kuna mtu alipanga, ukiuliza ushahidi waambiwa "mwalimu we hujui dunia". Riwaya za aina hii zimechangia, zimefundisha watu kwamba nyuma ya kila pazia kuna mtu na bunduki.

Mzee wa Makadara:
Mwalimu kwa heshima zako, hatukufunzwa na riwaya sisi. Tazama wanasiasa wetu wa Kenya waliouawa: Pinto alipigwa risasi nje ya nyumba yake Februari 1965, Mboya Julai 1969 mchana kweupe katikati ya Nairobi, JM Kariuki 1975, Ouko 1990. N'likisoma hicho kitabu miaka ya sabini JM hajasahaulika bado, na kilichonichekesha ni Lebel. Yule mpelelezi mdogo mpole wa Kifaransa anayemsaka muuaji, aitwa, apewa mamlaka yote, waziri na wakubwa wa usalama wamkalia mezani kila usiku awape ripoti, na anapohisi siri yavuja anatega simu zao wote bila kumuomba mtu ruhusa. Na wakubwa wanyamaza! Hapa kwetu tuliletewa mpelelezi Troon kutoka Scotland Yard, polisi wa London, kwa kesi ya Ouko, ikaundwa na tume ya uchunguzi, na tume yenyewe Rais Moi akaivunja 1991 kabla haijamaliza. Kwa hivyo kwangu mimi sehemu ya kubuni si muuaji, muuaji namuamini. Mpelelezi ndiye sikumuamini.

Mwenye mada:
Mzee hapo umegonga. Na mwalimu, mimi naona hichi kitabu chafanya kinyume cha unavyosema. Njama mle ndani ina gharama, OAS waiba mabenki kupata pesa, kuna tiketi, kuna kadi za wageni hotelini ambazo polisi wazikusanya, na siri yenyewe yatoka kwa sababu ya mlinzi mmoja wa OAS aliyedanganywa kuhusu ugonjwa wa mtoto wake akatoka mafichoni. Njama halisi yavuja, ina risiti. Mwanafunzi wako akisoma vizuri atauliza risiti iko wapi.

Lakini lawama yangu ndiyo hii. Yule mlinzi, Kowalski, akishakamatwa ateswa kwa umeme mpaka afa, na wanaomtesa ni watu wa serikali, upande ambao sisi wasomaji twatakiwa tuutakie ushindi. Umeme huo huo ndio jeshi la Ufaransa lilitumia kwa Waaljeria. Na Mwaljeria mwenyewe yuko wapi? Kitabu kizima kimezaliwa na vita vya Algeria, wote wauana kwa sababu ya Algeria, na Mwaljeria mwenye sauti yake mle ndani simkumbuki hata mmoja. Wanaotaka koloni na waliolazimika kuliacha wagombana wao kwa wao. Mimi mtu wa Mombasa nimshangilie nani hapo?

Wa Kibokoni:
Ah, sasa wakitaka kitabu kisichokuwepo. Hadithi ni ya Paris na London na Brussels, utamtia wapi Mwaljeria, kwa nguvu?

Mwenye mada:
Paris hiyo hiyo shekhe. Walijaa Paris, viwandani, vyumba vya kupanga, mikahawani. Oktoba 17 1961 waliandamana kwa amani na polisi wa Paris wakawaua, wengine wakatupwa mto Seine. Mkuu wa polisi alikuwa Papon, na alibaki kwenye kiti hicho mpaka 1967, yaani Agosti 1963, mwezi ambao Lebel amsaka Jackal mtaa kwa mtaa, wanaomfungulia milango ni polisi wa Papon. Forsyth alifika Paris kufanya kazi 1962, mwaka uliofuata tu baada ya mauaji hayo. Hakuhitaji kuwatia kwa nguvu, alihitaji nguvu kuwatoa.

Dada wa Likoni:
Afadhali leo umesema kitu.

Wa Kibokoni:
Hilo la Papon silipingi. Ila Lebel ni mtu wa kutungwa, usimbebeshe damu ya 1961. Sema kitabu kimenyamaza nitakubaliana nawe, ukisema ni kibaya tutakesha hapa, manake yule aliyekitupa hakukitupa kwa sababu ya Waaljeria, alikitupa kwa uvivu.