Namna ya kugawa muda wa mgonjwa mmoja mmoja foleni inapokuwa ndefu: naomba uzoefu wenu

Tabibu, Uyui (Tabora)

Ndugu zangu wa sekta ya afya, poleni na kazi. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya wilayani Uyui, na kwa sehemu kubwa ya siku huwa peke yangu katika chumba cha wagonjwa wa nje. Siku za Jumatatu, hasa msimu wa mvua ambapo homa huongezeka, watu hujaa kibarazani tangu alfajiri. Wingi huo nimeuzoea. Kinachonisumbua ni kwamba mgonjwa hunieleza kichwa kinamuuma, nikamhoji, nikampima na kumwandikia dawa, na akishasimama kuondoka ndipo husema, "Na kuna jambo lingine, daktari." Mara nyingi jambo hilo ndilo lililomtoa nyumbani: damu isiyo ya kawaida, kidonda sehemu za siri, au mume anayempiga. Siwezi kumwambia arudi kesho, kwa sababu huenda asirudi, wala siwezi kuanza upya huku walio nje wakisubiri. Wenzangu mnafanyaje?

Daktari, Kigoma Mjini

Pole sana, tabibu. Kwa maoni yangu, jambo hilo huja mwishoni kwa sababu halikupewa nafasi mwanzoni. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Beckman na Frankel, walionyesha kwamba madaktari waliowachunguza waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2002, ambamo wagonjwa waliachwa waseme mpaka wamalize wenyewe, ulikuta kwamba wastani wa maelezo yao ulikuwa sekunde 92 tu, na karibu wanane kati ya kumi walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili. Najua mzee wa Buhigwe anayelazimika kuacha Kiha na kutafuta maneno ya Kiswahili atahitaji zaidi ya hapo, lakini hata yeye hamalizi asubuhi nzima.

Kwa hiyo mimi huweka kalamu chini na kumwacha aseme. Akinyamaza, kabla sijauliza chochote kuhusu kichwa chake, humwuliza, "Mbali na hilo, kuna jambo jingine ungependa tuliangalie leo?" Nikishayajua yote, tunakubaliana lipi ni la leo na lipi linaweza kungoja tarehe nitakayomwandikia, lenye dalili ya hatari halingoji kamwe. Namna hiyo ninapoanza kupima ninajua kazi yote iliyo mbele yangu.

Muuguzi, Ujiji

Nakubaliana na daktari, ila naomba tusisahau muda unaopotea kabla mgonjwa hajafika mezani. Joto, uzito na shinikizo la damu vikipimwa na kuandikwa mapema, tabibu hatakuwa na haja ya kutafuta mashine huku mgonjwa akimtazama. Hapo hapo muuguzi humtambua mtoto mwenye degedege au anayepumua kwa shida, akamwingiza bila kufuata foleni.

Jambo linalovuruga zaidi ni wagonjwa wanaorudi na majibu ya maabara. Wao hugonga mlango katikati ya mazungumzo ya mwingine, kila mmoja akiamini kwamba yake ni ya dakika moja, na tabibu hupoteza mtiririko wa mawazo. Sisi tulikubaliana kwamba majibu yapelekwe kwa muuguzi, kisha tabibu huwaita wenye majibu kwa pamoja kila baada ya kuona wagonjwa wapya kadhaa, isipokuwa kama jibu ni la hatari. Wenye kisukari na shinikizo la damu nao wana siku yao ya kliniki, kwa kuwa mazungumzo yao hayapaswi kubanwa na foleni ya homa.

Mama wa watoto watatu, Nzega

Samahanini, mimi si mhudumu wa afya, lakini nimekuwa mgonjwa. Katika kituo ninachotibiwa, anayefuata huwa ameshaketi kwenye benchi ndani ya chumba ili kuokoa muda. Nitasemaje habari za tumbo la uzazi huku jirani yangu, pengine mkwe wangu, akisikia? Hapo nitataja kichwa, kisha nitasubiri nipate pa kunong'ona. Tabibu akiuliza mapema kama alivyoshauri daktari, na mtu mwingine yumo chumbani, bado nitajibu kwamba hakuna.

Tabibu, Uyui (Tabora)

Asanteni sana, na wewe mama nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa sababu hilo halisomeki katika mwongozo wowote kwa uzito ulioupa. Dada muuguzi, naomba kuuliza: siku ambayo muuguzi ni mmoja tu na yumo wodi ya wazazi, vipimo vya awali huchukuliwa na nani?

Muuguzi, Ujiji

Kaka, uzito na joto huchukuliwa na mhudumu wa afya tuliyemwelekeza, naye ana karatasi ya dalili za hatari ukutani. Akiona mojawapo haamui chochote mwenyewe. Humwita tabibu papo hapo.