WALIMWITA MWENZAO AJE ACHEKE MCHORO WA MTOTO WANGU (shule mnaijua)

MamaMapacha_Katuba

Nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka, makosa ya kuandika mnisamehe. Shule siitaji. Mnaijua. Ule ukuta mrefu kama wa gereza la Kasapa, na yule madame wa maandikisho mwenye miwani ya kamba. Kila mzazi wa Lubumbashi ameshatazamwa kutoka juu ya hiyo miwani.

Mtoto ana miaka sita. Anaomba darasa la kwanza, si uwaziri.

Fomu dola 40, hazirudi hata mkikataliwa. Noti yangu ya kwanza mhasibu ameikataa kwa ajili ya mpasuko ambao mimi nimeinua noti juani sijauona. Aliipindua, akaipapasa, akaenda nayo dirishani. Huyu mtoto siku anazaliwa daktari hakumkagua hivyo! Halafu cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, picha nne, buletini ya maternele, yaani alama za chekechea (ndiyo, mtu wa miaka mitano ana asilimia), na barua ya kazi ya baba. Ya mama hawakuuliza. Anayelipa ni mimi, lakini hiyo tuiache, nina kubwa zaidi.

Basi teste. Hesabu akafanya. Rangi kwa Kifaransa akataja zote. Wakamwambia achore nyumba yao. Akachora: bati, mlango, mbwa, na kando ya ukuta bido za njano, yale madumu ya plastiki, zimepangwa vizuri. Madame akauliza, "Na hivi vya njano?" Mtoto kwa heshima zote: "Ni bido za maji, Madame."

Akamwita mwenzake.

ALIMWITA MWENZAKE. "Kuja uone!" Mwenzake akatoka ofisi ya pili na kikombe cha chai mkononi, wakainama wote wawili juu ya karatasi, wakacheka mpaka chai ikamwagikia mbwa. Na mtoto wangu, maskini, akafikiri wanamsifu. Akaanza kuwaelezea: hii ya kupikia, hii ya kuoga, hii ya Tantine usiiguse.

Bido! Mji huu! Nani hana bido? Hao wenye foraji, kisima cha pampu, kwenye uwanja, umeme ukikatika pampu inasukumwa na nani, malaika?

Kisha wakatuita sisi wazazi. Swali la kwanza: "Nyumbani mnasoma nini?" Baba watoto alikuwa kimya tangu asubuhi. Akajibu, "Tunasoma bei." Sikumkaripia. "Tutawapigia."

Lakini kumwita mwenzake! Ungecheka peke yako, mama. Ungemeza. Ungengoja tutoke. Kumwita mtu na chai yake!

Ya_Nadi_Ruashi

Pole sana mama. Bale batu beko vile tangu zamani. Mi mutoto wangu balimuuliza ndizi iko rangi gani, akajibu kijani, bakamukatalia. Ndizi yenye tunapikaka iko kijani! Balitaka aseme nini?

FundiMoto

Dola 40 kwa kuchekwa? Mleteni kwangu, nitamcheka kwa faranga elfu tano, na chai yangu mwenyewe.

BiboKampemba

Mimi nataka kujua kuhusu mbwa. Alisafishwa?

MamaMapacha_Katuba

Bibo, mimi nalia hapa.

BiboKampemba

Pole, mama. Lakini mbwa?

Mwalimu_wa_Leta

Msijifanye hamjui kwa nini tunapigania milango hiyo. Katiba ya 2006, ibara ya 43: shule ya msingi ya serikali ni bure. Septemba 2019 wakaanza kuitekeleza kweli. Vizuri kabisa. Watoto wakaja wote, madawati hayakuja. Darasani kwangu kuna watoto wa nyuma wanaonijua kwa sauti tu. Sasa mwenye dola 40 anakimbilia shule ya binafsi, mwenye shule anaona foleni, anaanza kuchagua watoto kama mtu anayechagua nyanya. Mwisho wa darasa la sita wote wanakaa mtihani mmoja wa taifa, karatasi ileile, wa bido na wa foraji.

Ya_Nadi_Ruashi

Mwalimu, prime, ile feza ya wazazi, tulikulipaka miaka yote. Nyumba ulijengaka wapi?

Mwalimu_wa_Leta

Kichwani.

Mzee_Kamalondo

Wanangu, mnashangaa mchoro. Mwaka 1952 Wabelgiji walileta ile imatrikilasio. Mkongo akitaka ahesabiwe kuwa amestaarabika, watu wa tume wanakuja nyumbani kwake kutazama: choo kikoje, mnakula kwa uma au kwa mkono, mke anakaa mezani au anakaa jikoni. Marehemu baba aliazima uma kwa jirani. Jirani naye aliitiwa tume wiki hiyohiyo, zikawa zinarushwa juu ya ukuta. Angalau wao walikuja kwa miguu yao. Sasa nyinyi mnapanda taksi, mnalipa, mnajipeleka wenyewe kukaguliwa.

FundiMoto

Mzee umetuua.

Prefe_Mstaafu

Kwa upande mwingine tuwe wakweli. Kama nafasi ni chache lazima wachague kwa njia fulani. Nyumba kuchorwa inaonyesha kama mtoto anashika kalamu vizuri na kama

MamaMapacha_Katuba

Na kama ana bido?? Papa Prefe, kwa heshima, ulipokuwa mkuu wa shule ulishawahi kumwita mwenzako?

Prefe_Mstaafu

Sikuwa na mwenzangu. Ofisi ilikuwa ya mtu mmoja.

SareNiWizi

Fomu ni kuonja tu. Ngojeni sare. Shati lazima litoke kwao, soksi kwao, hata sweta ya michezo ina nembo. Sweta ya michezo, mwezi wa kumi, Lubumbashi! Mtoto anarudi amepikwa. Nilipeleka kitambaa kilekile kwa fundi, wakamtoa darasani kwa sababu nembo inatazama kushoto.

BiboKampemba

Mama, simu walipiga?

MamaMapacha_Katuba

Wamepiga. Yuko orodha ya kusubiri.

BiboKampemba

Wakimwita utampeleka?

MamaMapacha_Katuba

Dola 40 si nimeshatoa.

FundiMoto

HAHAHAHA. Na teste ya pili mwambie achore mto wa maji.

Kunguru_Daima

Wangu alichora mamba na mpira mdomoni, nembo ya Mazembe yetu. Akakataliwa. Nina hakika yule madame ni shabiki wa wapinzani wetu, Lupopo.

Cheminot_Damu

Alikataliwa kwa sababu mamba hana buletini ya maternele.

Kunguru_Daima

Nyinyi fainali ya klabu za dunia mlicheza mwaka gani? Nikumbushe. Sisi 2010, Abu Dhabi.

Cheminot_Damu

Mkafungwa na Inter. 3-0. Endelea, tunakusikiliza.

Kunguru_Daima

Kabla ya hapo tulimtoa Internacional wa Brazili 2-0. Sema na hiyo.

SareNiWizi

Nembo ya Mazembe ni bei gani siku hizi? Ya shule nimenunua kwa bei ya jezi.

Mwalimu_wa_Leta

Watu wangu, tulikuwa kwenye ibara ya 43.

Cheminot_Damu

Mwalimu, ibara ya 43 ni ya nyuma au ya kiungo?

MamaMapacha_Katuba

Kuna anayejua shule nyingine upande wa Katuba au komini ya Kenya hapa mjini, ya bei ya kibinadamu, ambayo bado inapokea?

Kunguru_Daima

Na timu ile ya 2010 ilikuwa na Wakongo wengi uwanjani. Nyinyi hata mpira mnaazima.

Mzee_Kamalondo

Kama tulivyoazima uma.

Ya_Nadi_Ruashi

Samahani, naingia kwa kuchelewa. Mufuko ya bunga, ya kilo 25, iko bei gani leo?

FundiMoto

Imepanda. Malori yamekwama mpakani Kasumbalesa. Mmoja wa madereva ni shemeji yangu, tangu juzi analala chini ya gari.

Ya_Nadi_Ruashi

Muulize kama iko na bunga.