Ubao wa makomodoo umeliwa na mchwa: historia ya klabu tunaianzia wapi?

Shangani_Juu ameuliza:

Wakuu, walio wakubwa shikamooni. Tuko Mtwara, upande wa Shangani. Klabu ya mashua ina ubao wa viongozi wakuu waliopita, yaani makomodoo, umetundikwa pembeni mwa kaunta ya baa. Mchwa wameingilia kwa nyuma. Kuanzia mstari wa 7 hadi wa 15 hakuna kinachosomeka, ukigusa herufi zinamwagika vumbi. Kamati inataka ubao mpya wenye majina sahihi, pamoja na kijitabu cha kurasa 40 hivi kuhusu viongozi na maisha ya klabu: mashindano, dansi, chakula cha Jumapili, na watu waliokuwa wakija.

Vilivyopo: madaftari 3 ya mihutasari ya vikao (moja lililolowa), daftari la baa, daftari la mishahara ya wafanyakazi, makombe 6, na boksi la picha zisizo na tarehe.

Tatizo la kwanza: penye majina yanayosomeka, ubao na mihutasari havikubaliani. Tufuate kipi? La pili, picha tunazipangaje? La tatu, nje ya klabu tutafute wapi?

---

Kalamu_ya_Katibu:

Fuateni mihutasari. Ubao huandikwa na fundi aliyepewa orodha kwenye kikaratasi, tena mara nyingi majina ya miaka mitano yanaandikwa kwa mkupuo mmoja. Lakini mihutasari nayo ina mitego yake, na mkubwa ni sahihi iliyo mwisho wa ukurasa. Muhtasari husainiwa siku unapothibitishwa, yaani kwenye kikao kinachofuata, na anayesaini ni mwenyekiti wa siku hiyo. Kwa hiyo muhtasari wa Mkutano Mkuu wa 1957 unaweza kuwa na sahihi ya mtu aliyechaguliwa katika mkutano huohuo, au hata wa mwaka uliofuata. Ukiorodhesha viongozi kwa kufuata sahihi, orodha nzima inateleza kwa mwaka mmoja. Nahisi ubao wenu umepatwa na hilo.

Mwaka wa klabu pia huanzia Mkutano Mkuu hadi Mkutano Mkuu mwingine, hauanzi Januari. Andikeni 1957/58. Mkiandika 1957 peke yake mnazua ugomvi.

Halafu kuna likizo. Watumishi wa serikali ya kikoloni walikaa kituoni miaka miwili hadi mitatu hivi, kisha wakaenda kwao kwa miezi kadhaa, na wengine hawakurudishwa kituo kilekile. Komodoo akiondoka katikati ya mwaka, makamu alikaimu. Kaimu haingii kwenye ubao mpaka achaguliwe, ila kwenye kijitabu atajwe. Mkikutana na V.C. ni makamu wa komodoo, na R.C. ni msaidizi mwingine, wa tatu kwa cheo kutoka komodoo. Msije mkadhani klabu ilikuwa na padri. Mlezi naye ni jambo jingine: hicho kilikuwa cheo cha heshima alichopewa mkubwa wa serikali, ambaye pengine hakuwahi kushika kamba ya tanga.

Chorni jedwali la safu tano: tarehe ya kikao, aliyechaguliwa, aliyeongoza kikao, aliyesaini, daftari na ukurasa. Jazeni kila kikao hata kama kinaonekana cha kipuuzi. Penye pengo acheni pengo.

Lile daftari lililolowa msilianike juani, kurasa zitajikunja na gamu ya mgongoni itapasuka. Lisimamisheni kivulini, kurasa zikiwa zimefunguka kama feni, na pangaboi liwake mbali kidogo. Likikauka kabisa na mkaona wadudu, lifungeni ndani ya mifuko miwili ya nailoni isiyopitisha hewa, liwekeni kwenye friza wiki mbili, kisha mlitoe mliache siku nzima bila kufungua mfuko. Selotepu marufuku. Pini na stepo zenye kutu zitolewe.

---

Foromali:

Picha ndiyo sehemu tamu. Tazameni tanga kabla ya sura za watu.

Kila aina ya mashua ya mashindano ina alama yake kwenye tanga, na kila aina ina mwaka iliobuniwa. Tanga lenye kengele ni GP14, picha hiyo si ya kabla ya 1949. Tanga la buluu lenye herufi E ni Enterprise, si kabla ya 1956. Tanga jekundu kwenye mashua fupi yenye pua butu ni Mirror, si kabla ya 1963. Mashua ya mtu mmoja yenye alama kama jua la miale ni Laser, si kabla ya 1971. Hiyo inawapa ukingo wa chini tu, kwa sababu mashua iliweza kufika Mtwara miaka kumi baada ya kutengenezwa.

Kitambaa nacho kinasema. Tanga la pamba lina rangi ya maziwa yaliyolala na hukunjika kama shuka, la terilini (nyuzi za kiwandani) ni jeupe na lina mikunjo mikali kama karatasi. Terilini ilianza kuenea katikati ya miaka ya 1950.

Baada ya tanga tazameni mlingoti wa bendera. Bendera ya Tanganyika ya kijani, dhahabu na nyeusi ilipandishwa Desemba 1961, na ya Tanzania yenye buluu ilianza kutumika 1964. Picha nyeusi na nyeupe pia inasaidia: ya Tanganyika mistari yake imelala, ya Tanzania imepinda kutoka kona hadi kona. Bendera ya klabu huwa ya pembetatu. Ya komodoo imechanwa mkiani kama mkia wa mbayuwayu, ya makamu inaongezwa doa moja la duara juu karibu na mlingoti, na ya anayemfuata madoa mawili. Mkiona mkia wa mbayuwayu juu ya mashua, komodoo yumo humo, na huo ni mwanzo wa kulitambua jina lake.

Halafu tumieni maji. Pwani yetu bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne maji yako mbali. Maji mafu (maji madogo ya mwezi robo) ni kinyume, hujaa mnamo saa nne. Kama muhtasari unasema mashindano yalianza saa nne asubuhi maji yakiwa yamejaa, basi mwezi ulikuwa robo. Penye utata kati ya Jumapili mbili, angalieni mwezi wa tarehe hizo kwenye kalenda ya zamani na moja itaanguka yenyewe. Upepo vilevile: mkijua picha ilipigwa kutoka wapi, bendera inayopepea kutoka kusini ni ya Aprili hadi Septemba hivi, ya kaskazi ni Novemba hadi Machi.

---

Mwambao78:

Foromali yuko sahihi, ila namba za tanga msizitegemee kumtambua mtu. Namba ni ya mashua. Mashua iliuzwa mwenye nayo alipohama, na matanga yaliazimwa. Namba inawapa mwaka wa kutengenezwa kupitia rejista ya chama cha aina hiyo ya mashua. Nani alikuwa usukanini, ulizeni daftari la matokeo.

---

Shangani_Juu:

Ahsanteni sana. Jedwali limeanza, na mtego wa sahihi umejitokeza mara 4 katika daftari la kwanza tu.

Swali la haraka: makombe mawili yana nanga ndogo sana chini ya ukingo. Sisi tulidhani ni nembo ya zamani ya klabu, tukapanga kuiweka kwenye jalada.

---

Foromali:

Msiiweke! Nanga ni alama ya ofisi ya kupima madini ya fedha ya Birmingham, Uingereza, mji usio na bahari hata ya kuchovya mguu. Kando yake mtaona simba anayetembea, maana yake fedha halisi, na herufi moja ndani ya kijingao. Herufi hiyo ni mwaka wa kupimwa. Isomeni kwa jedwali la Birmingham, maana London wenye kichwa cha chui wana mfuatano wao. Umbo la herufi na la kijingao lina maana pia, kwa hiyo pigeni picha ya karibu. Kombe lenye EPNS limepakwa fedha tu na halina herufi ya mwaka.

Kumbukeni huo ni mwaka kombe lilipopimwa, si mwaka lilipotolewa. Chenye faida kwenu zaidi ni maneno ya zawadi: komodoo anayeaga alipenda kuacha kombe lenye jina lake na mwaka. Na msiling'arishe kabla ya kunakili maandishi, kwani kila mkisugua mnapunguza kina cha herufi. Kunakili: karatasi nyembamba juu, penseli laini ya 2B, sugueni polepole.

---

Jalada_Na_Faili:

Nje ya klabu nendeni kwa mpangilio huu.

RITA kwanza, yaani wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Klabu yenye kiwanja mara nyingi ilikuwa na wadhamini waliosajiliwa chini ya sheria ya wadhamini ya 1956, na kumbukumbu za wadhamini ziko kwao sasa. Wadhamini wengi waliwahi kuwa viongozi. Pamoja na hilo, ulizeni faili la kiwanja idara ya ardhi. Nendeni na namba ya kiwanja, bila namba mtazungushwa.

Pili, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Chukueni barua ya utambulisho ya klabu na kitambulisho. Ombeni mafaili ya Jimbo la Kusini na vitabu vya wilaya za Lindi na Mikindani. Msitafute neno Mtwara peke yake: makao makuu ya jimbo yalikuwa Lindi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Mtwara ilikua kwa ajili ya bandari ya mradi wa karanga ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Watu walihama na makabati yao. Kiongozi wa miaka hiyo anaweza kuonekana kwenye karatasi za Lindi na za Mtwara ndani ya mwaka mmoja, mkadhani ni watu wawili. Orodha za watumishi zilizochapwa na serikali zinaonyesha jina kamili na kazi ya mtu, zinamaliza ugomvi wa herufi za mwanzo.

Tatu, gazeti la Tanganyika Standard, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tafuteni wiki mbili baada ya Pasaka na baada ya Krismasi, habari za mikoani zilichelewa. Baada ya 1967 angalieni pia BMT (Baraza la Michezo la Taifa) kwa usajili wa vilabu vya michezo.

Kimbunga cha Aprili 1952 kilichopiga Lindi kiandikwe kwenye jedwali lenu. Mkikosa karatasi za kabla ya hapo, hiyo ni sababu moja ya kuichunguza.

---

BintiMikindani:

Ndugu zangu, mmeongea viongozi tu. Maisha ya klabu yamo kwenye lile daftari la baa na lile la mishahara, na naona hakuna aliyeligusa.

Daftari la baa ni kalenda. Hesabuni chupa kwa siku: siku ya kawaida ina mistari michache, siku ya dansi inajaza kurasa mbili, na barafu na mafuta ya taa ya friji vimenunuliwa siku moja kabla. Wekeni alama siku hizo, kisha linganisheni na mihutasari. Malipo kwa wapiga muziki, kukodi filamu, na mchele na kuku wa mchuzi wa Jumapili yote yamo. Anayesaini chiti nyingi kuliko wote mara nyingi hayumo kwenye kamati yoyote, ila bila yeye hakuna dansi.

Daftari la mishahara lina majina ambayo ubao haukuwahi kuyataka: mlinzi wa mashua, mpishi, mhudumu wa baa, fundi wa kalfati, yaani wa kuziba nyufa za mashua. Kabla ya Uhuru vilabu vya namna hii vilikuwa vya Wazungu, Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Liandikeni hilo waziwazi kwenye ukurasa wa mwanzo wa sura, msilifiche kwenye kichwa cha picha. Fundi aliyekaa miaka 20 aliwaona makomodoo kumi wakipita, na wanawe na wajukuu wako Mikindani, Msangamkuu na Ligula.

Mkienda kwa wazee, msiulize "mwaka gani". Mtajibiwa mwaka wowote ili mwondoke. Ulizeni: kabla au baada ya reli ya Nachingwea kufungwa? Hiyo ni 1962. Kabla au baada ya Azimio la Arusha? Vita vya Kagera ulikuwa wapi? Pelekeni picha iliyochapwa kubwa, karatasi ya A4, si simu, macho ya mzee hayawezi. Anzeni na chombo: "Hili dau nani alilichonga?" Jina la mtu litafuata. Wazungu wengi walipewa majina ya utani ya Kiswahili au Kimakonde, yaandikeni hayohayo kwenye safu yake na muyaoanishe baadaye. Mzee anaweza kumjua komodoo wenu kwa jina la utani tu maisha yake yote.

Na siku za mashindano kulikuwa na resi za ngalawa za wavuvi? Kama mihutasari ina mstari wa zawadi za ngalawa, nakilini jina la nahodha jinsi lilivyoandikwa, hata kama limekosewa, na muweke tahajia sahihi pembeni.

---

Mkongo_na_Mninga:

Ubao wenyewe. Chukueni mkongo au mninga uliokauka, unene wa inchi 1, mchwa hawaupendi moyo wa mti huo. Sehemu nyeupe ya pembeni ikatwe yote, hiyo wanaila. Msiupachike ubao ukutani moja kwa moja: wekeni vipande vya kuachia nafasi ya sentimita 2 hewa ipite, na mgongo upakwe dawa kabla ya vanishi. Skrubu za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Za kawaida kwa hewa ya chumvi ya Shangani zitatoa machozi ya kutu juu ya majina ndani ya mwaka.

Majina msiyaandike kwenye ubao. Chongeni mifereji miwili, kila jina liwe kwenye kijibao chake cha sentimita 4 kwa 30 kinachoteleza ndani ya mfereji. Mkigundua kosa mnatoa kimoja tu. Vijibao 9 vya mstari wa 7 hadi wa 15 viingizeni vitupu, vikiwa na miaka tu, na mwisho wa mfereji pazibwe kwa skrubu bila gundi.