Naomba ushauri: Optos au Clarus kwa kliniki ya macho Lamu?

Jahazi: Assalam aleikum wanajukwaa. Tuna kliniki ndogo ya macho hapa Lamu mjini, kamera yetu inaona nyuzi 45 za katikati ya retina (pazia la nyuma ya jicho), pembezoni hatuoni kitu. Kamati inataka jibu wiki hii. Kati ya kamera za picha pana, Optos au Clarus, ipi bora? Usingizi hauji.

Bi_Kope: Waaleikum salaam. Optos hupiga nyuzi 200 kwa mara moja, na mtengenezaji anadai ni asilimia 82 ya retina, hata mboni ikiwa milimita 2 tu. Clarus 500 hupiga 133. Picha mbili zikiunganishwa ndipo zinafika 200. Tofauti kubwa iko kwenye rangi. Optos za leza mbili, nyekundu na kijani, hutoa rangi za kuungaunga. Clarus hutumia taa nyekundu, kijani na buluu, kwa hiyo doa la koroidi (tabaka lililo nyuma ya retina) au weupe wa neva ya jicho utauona karibu na ulivyo. Halafu, msilinganishe hizo namba na 45 yenu moja kwa moja. 200 na 133 hupimwa kutoka katikati ya jicho, 45 hupimwa kutoka nje. Pengo lipo, ila si kubwa kama karatasi za wauzaji zinavyoonyesha.

Mzee_wa_20D: Nunueni taa ya kichwani, lenzi ya mkononi ya 20D na kijiti cha kukandamizia sklera (ule weupe wa jicho), mtabaki na chenji. Hakuna kamera hapo inayobonyeza jicho kukutolea tundu la retina lililojificha karibu na ora serata, ukingo wake wa mwisho. Vijana mnaogopa kuumwa shingo.

Jahazi: Shikamoo mzee. Daktari huja mara moja kwa mwezi, ndiyo maana tunataka picha za kumtumia.

Bi_Kope: Wagonjwa ni akina nani? Na mashine itakaa wapi?

Jahazi: Wengi ni wa kisukari. Wapo pia watoto wa selimundu.

Bi_Kope: Itakaa wapi, ndugu?

Jahazi: Lamu. Ila itakuwa inakwenda Faza na Kizingitini, kisiwani Pate. Kwa boti. Na arubuni tumeshatoa, ni Optos ya mtumba. Lakini ina hali nzuri, na boti ina turubai.

Chumvi_Kavu: Turubai! Shekhe, ndani ya Optos kuna kioo kikubwa kilichopinda, na leza hupita hapo ndipo iingie jichoni. Mawimbi yakikisogeza kidogo tu, picha inafifia upande mmoja, na fundi wa kukipanga upya hamna Lamu. Ifungieni chumba kimoja chenye AC, mbali na upepo wa bahari, maana chumvi hula viunganishi na unyevu huotesha fangasi kwenye lenzi. UPS ni lazima. Visiwani pelekeni simu na 20D. Pima presha kwanza, tia dawa za kupanua mboni, tropikamidi 1% na fenilefrini 2.5%, subiri dakika 20 hadi 30, shika lenzi kama sentimita 5 kutoka jichoni, rekodi video taa ya simu ikiwaka, mgonjwa atazame pande nane. Uga ni mdogo, lakini ukizungusha jicho unafika mbali.

Jahazi: Video ya simu haina uzito kwa wafadhili. Kamati ilishapitisha.

Paka_wa_Gatini: Mimi naona uzi huu ni wa kutungwa. Kliniki ya daktari mmoja kwa mwezi, Optos ya wapi? Huyu dalali anatafuta maneno ya tangazo. Aliyeishika mashine aseme picha ya kwanza huharibika wapi.

Jahazi: Chini. Tulipigiwa za majaribio Mombasa, vivuli vya kope vimefunika robo ya chini, na kushoto na kulia retina imevutika kama imenyooshwa.

Paka_wa_Gatini: Haya, ameiona. Dalali naye huwa ameiona.

Mzee_wa_20D: Mwacheni kijana. Dalali hasemi mabaya ya mali yake.

Bi_Kope: Kope: msaidizi ashike ngozi ya kope kwa kijiti cha pamba, kisha mgonjwa atazame juu na chini kwa picha za nyongeza. Kwa selimundu hamkukosea sana, kwani mishipa mipya huota zaidi upande wa panjani, karibu na ikweta ya jicho, na pembeni ndiko Optos inakoona vizuri. Lakini sehemu zilizokosa damu mapema huonekana kwa picha za fluoresini, rangi inayodungwa mshipani. Optos modeli ya California inapiga picha hizo, Daytona haipigi. Yenu ni modeli gani?

Jahazi: Karatasi ya bei imeandikwa Optos tu.

Chumvi_Kavu: Basi mwambie muuzaji atume picha ya kibandiko cha nyuma, modeli na namba zisomeke, pamoja na tarehe ya huduma ya mwisho. Kabla ya hapo msiongeze hata shilingi.